Makufuli ya Katiba: Yalivyong'olewa Moja Moja, na Kina Mama Waliosaidia Kuyarudisha

(Mfululizo wa sehemu 6. Soma polepole, hata kama uko na mtoto kifuani.)

SEHEMU YA 1: Kwa nini nesi anaongea Katiba?

Najua wengi wenu mlikuja hapa kwa mambo ya chanjo, homa, na mtoto anayekataa uji. Hayo tutayarudia wiki ijayo. Wiki hii naomba tuongee Katiba ya Kenya.

Sababu ni rahisi. Wengi wenu mnaonisoma mlizaliwa baada ya 1990. Mkisikia wazee wakisema enzi za Nyayo mtu aliogopa hata kunong'ona ndani ya matatu, mnadhani wanatia chumvi. Hawatii chumvi. Na jambo ambalo hatukufundishwa vizuri shuleni ni hili: Kenya haikuingia kwenye utawala wa mtu mmoja kwa mtutu wa bunduki. Iliingia kwa kura za bunge. Wabunge wamevaa suti, spika yuko kitini, mswada unasomwa, mikono inainuliwa. Kila hatua ilikuwa na muhuri wa sheria.

Kwanza tuelewane kuhusu neno "kufuli". Wodini tuna kabati la dawa kali, kama mofini. Kabati hilo lina kufuli, lina daftari, na dawa ikitolewa wauguzi wawili wanahesabu na kutia sahihi. Hatufanyi hivyo kwa sababu sista wa zamu ni mwizi. Anaweza kuwa mcha Mungu kuliko sisi wote. Tunafanya hivyo kwa sababu siku moja atakuja ambaye siye, na siku hiyo hutakuwa na wakati wa kuanza kutafuta kufuli.

Katiba ni hivyo hivyo. Haimpimi rais kama ni mzuri au mbaya. Inauliza tu: akitaka kufanya jambo baya, ni nani mwingine lazima atie sahihi?

SEHEMU YA 2: Kufuli la kwanza, la pili, la tatu

Tulipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, Katiba yetu ilikuwa na makufuli mengi. Kulikuwa na mabunge mawili, la wawakilishi na Seneti. Kulikuwa na serikali za majimbo. Na kuibadilisha ilikuwa kazi ngumu: ulihitaji robo tatu ya wabunge, na kwa mambo mazito kama majimbo ulihitaji maseneta tisa kati ya kila kumi.

Sasa hesabu nami miaka.

1964: chama cha upinzani, KADU, kinavunjwa na viongozi wake wanahamia KANU. Upande wa pili wa bunge unabaki mtupu. Mwezi mmoja baadaye nchi inakuwa jamhuri yenye rais mwenye nguvu, Mzee Jomo Kenyatta, na majimbo yanaanza kupoteza meno.

1965: kiwango cha kura za kubadilisha Katiba kinashushwa hadi asilimia 65. Hili watu hawalisemi sana, lakini kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Ukishalegeza kufuli la mlango wa mbele, vyumba vya ndani ni suala la muda tu.

1966: Jaramogi Oginga Odinga anatoka KANU na wenzake na kuunda KPU. Haraka haraka bunge linapitisha kwamba mbunge akihama chama lazima arudi kwa wapigakura upya. Ukisoma hivyo unaona ni haki kabisa, sivyo? Lakini ilitungwa kwa ajili ya watu fulani, wiki fulani. Mwaka huohuo serikali inapewa nguvu ya kumweka mtu kizuizini bila kumfungulia mashtaka, hata kama nchi haina vita. Na kabla mwaka haujaisha, bunge linakubali Seneti ivunjwe. Maseneta wenyewe waliunga mkono. Kwa nini? Kwa sababu waliahidiwa viti kwenye bunge moja lililobaki, na muda wa bunge ukaongezwa.

1969: KPU inapigwa marufuku. Kuanzia hapo tuna chama kimoja, ingawa hakuna sheria iliyosema hivyo.

1975: mbunge Paul Ngei, rafiki wa Kenyatta tangu kifungo cha wakoloni, anapatikana na hatia ya kosa la uchaguzi na kuzuiwa kugombea. Katiba inabadilishwa ili rais aweze kumsamehe mtu wa kosa hilo. Mama, soma tena hapo. Katiba ya nchi nzima ilibadilishwa ili mtu mmoja arudi bungeni.

Nataka mshike kitu kimoja hapa. Karibu kila badiliko lilikuwa na jina la mtu nyuma yake. Hili la Odinga, hili la Ngei. Na kila mara waliolipitisha walijiambia, "Hii hainihusu, ni ya yule." Lakini sheria haina macho. Ikishaandikwa haikumbuki ilitungiwa nani. Kizuizi bila mashtaka kilichopitishwa 1966 ndicho kilichomfuata mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o mwisho wa 1977, akakaa ndani karibu mwaka mzima bila kupelekwa kortini, baada ya mchezo wake wa kuigiza kule Kamiriithu kuwachekesha na kuwaamsha wanakijiji.

SEHEMU YA 3: Saa 24 zilivyogeuka siku 14

Kenyatta alifariki 1978, na Daniel arap Moi akachukua usukani. Mwanzoni watu walifurahi. Aliwaachilia wafungwa wa kisiasa, na watoto wa shule wakaanza kunywa maziwa ya Nyayo. Waulizeni wazazi wenu, wengi wanayakumbuka yale maziwa kwa mapenzi.

Ndiyo maana narudia: kufuli halihusu uzuri wa mtu. Moi alirithi kabati ambalo nusu ya makufuli yake yalikuwa yameng'olewa na mwenzake. Yeye aliendelea pale pale.

Juni 1982, Odinga na George Anyona wakipanga kuanzisha chama kipya, bunge lilipitisha kifungu cha 2A: Kenya itakuwa na chama kimoja tu, KANU. Angalia tarehe vizuri. Jaribio la mapinduzi la wanajeshi wa angani lilikuja tarehe 1 Agosti 1982, baada ya kifungu hicho. Kwa hiyo ukiambiwa demokrasia ilibanwa kwa sababu ya mapinduzi, jibu ni kwamba mlango ulikuwa umeshafungwa miezi miwili kabla.

1986: Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wanaondolewa ulinzi wa kazi. Yaani yule anayekagua pesa za serikali anaweza kufutwa na mtu anayemkagua.

1988 ndio mwaka nataka tukae nao, kwa sababu unagusa nyumba zetu moja kwa moja.

Kwanza, uchaguzi wa mlolongo. Kuchagua mgombea wa KANU hakukuwa kwa karatasi ya siri. Ulipanga foleni nyuma ya mgombea wako au wakala wake, mchana kweupe, chifu akikutazama. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 kwenye foleni alikuwa ameshinda kabisa. Na kuna sehemu ambazo foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu, watu wakiwa bado wamesimama pale.

Pili, majaji waliondolewa ulinzi wa kazi. Jaji akitoa uamuzi usiompendeza mkubwa, angeweza kurudi nyumbani kesho yake.

Tatu, na hili lilipita pamoja na hilo la majaji: mtuhumiwa wa kosa lenye adhabu ya kifo, likiwemo la uhaini, angeweza kushikiliwa na polisi siku 14 kabla ya kupelekwa kortini. Kabla ya hapo ilikuwa saa 24.

Naongea sasa kama mtu wa hospitali. Jeraha la siku moja si sawa na jeraha la siku 14. Ndani ya saa 24, mtu aliyepigwa bado ana uvimbe, ana damu, ana alama, na hakimu anaziona kwa macho yake. Ndani ya siku 14 uvimbe unashuka, michubuko inabadilika rangi na kufifia. Hizo siku zinatosha kumuumiza mtu, halafu zikatosha kumponya juu juu ili asiwe na la kuonyesha. Na hizo zilikuwa nyakati za vyumba vya mateso chini ya Nyayo House, katikati ya Nairobi, watu wakipita juu wakienda kazini. Kwa hiyo msione "saa 24" kama tarakimu za mawakili. Ni kipimo cha mwili wa mtoto wa mtu.

SEHEMU YA 4: Mama wa Uhuru Park

Makufuli yalianza kurudi kwa sababu watu walikataa. Wahubiri kama Timothy Njoya na Askofu Henry Okullu walisema madhabahuni yale ambayo magazeti yaliogopa. Julai 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitisha mkutano Kamukunji kudai vyama vingi. Wakawekwa kizuizini kabla ya siku yenyewe, lakini watu walijitokeza hata hivyo tarehe 7 Julai, ndiyo Saba Saba, na damu ikamwagika. Mwisho wa mwaka huo majaji walirudishiwa ulinzi wao. Desemba 1991, wafadhili nao wakiwa wamefunga mkono, kifungu cha 2A kilifutwa.

Haya. Vyama vingi viko halali. Lakini vijana waliofungwa kwa kudai hivyo hivyo vyama vingi bado wako jela. Sheria ikibadilika kwenye karatasi, mlango wa gereza haujifungui wenyewe.

Tarehe 28 Februari 1992, kundi la kina mama, wengi wao wazee kutoka mashambani, walikwenda ofisi ya Mwanasheria Mkuu Amos Wako wakiwa na Profesa Wangari Maathai. Mmoja wao alikuwa Monica Wangu Wamwere, mamake Koigi wa Wamwere. Ombi lao lilikuwa fupi: waachilieni wana wetu. Kisha wakaenda Uhuru Park, wakakaa kwenye kona moja, wakaanza kufunga kula. Kona hiyo wakaiita Kona ya Uhuru.

Hiyo bustani yenyewe ilikuwepo kwa sababu mwaka 1989 Maathai huyohuyo alipinga jengo la ghorofa 60 lililotaka kujengwa hapo, akatukanwa bungeni, lakini jengo halikujengwa.

Siku zilizofuata watu walimiminika pale. Wengine walisimama mbele ya kina mama wakasimulia kwa mara ya kwanza hadharani jinsi walivyoteswa. Tarehe 3 Machi polisi walikuja na rungu na gesi ya kutoa machozi. Maathai alipigwa hadi akazimia, akalazwa hospitali. Baadhi ya wale mama walivua nguo mbele ya polisi. Nyinyi mnajua maana yake. Katika jamii zetu nyingi, mama wa umri wa kukuzaa akikuvulia nguo, amekulaani. Kuna askari waliogeuza uso.

Walirudi? Walirudi. Walihamia kanisa la All Saints, hapo karibu, wakaishi kwenye chumba cha chini karibu mwaka mzima. Mwaka mzima, kina mama wenye mashamba na wajukuu. Mapema 1993 karibu wana wao wote walikuwa wameachiliwa.

Hawa hawakuwa mawakili. Wengi hawakusoma sana. Lakini walielewa Katiba kuliko wabunge wengi wa enzi hizo: kwamba serikali haina haki ya kumshika mtoto wako na kukaa naye kimya.

SEHEMU YA 5: Tulichoandika 2010

Mwaka 1992 tulipata kufuli moja jipya la maana: rais asizidi mihula miwili ya miaka mitano mitano. Kufuli hilo ndilo lililomfanya Moi aondoke 2002 kwa amani, mbele ya umati, Mwai Kibaki akiapishwa. Jirani zetu Uganda walikuwa nalo pia. Bunge lao lililiondoa 2005, na 2017 likaondoa na ukomo wa umri. Rais ni yuleyule.

Lakini kwetu mengine yalikawia. Katiba mpya ilikataliwa kwenye kura ya maoni ya 2005. Ikaja ghasia ya baada ya uchaguzi wa 2007, zaidi ya watu 1,100 wakauawa, mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Wengine wenu mlikuwa watoto kwenye zile hema. Chanzo kimoja kilikuwa hiki: waliohisi wameibiwa kura hawakuamini kwamba kuna korti ya kuwasikiliza.

Tarehe 4 Agosti 2010 asilimia 67 hivi ya waliopiga kura walisema ndiyo, na tarehe 27 Katiba ikazinduliwa Uhuru Park. Haya ndiyo makufuli yake, kwa lugha ya nyumbani:

Kifungu cha 49: ukishikwa, upelekwe kortini ndani ya saa 24. Kama muda huo unaangukia wikendi au sikukuu, ni siku ya korti inayofuata. Siku 14 zimekwisha.

Kifungu cha 58: rais akitangaza hali ya hatari, ni siku 14 tu. Kuongeza kunahitaji theluthi mbili ya wabunge, na kuongeza tena kunahitaji robo tatu. Mahakama ya Juu inaweza kusema tangazo lenyewe si halali.

Kifungu cha 142: mihula miwili.

Kifungu cha 145: rais anaweza kuondolewa kwa theluthi mbili ya wabunge na theluthi mbili ya maseneta. Ndiyo, Seneti ilirudi.

Kifungu cha 255: mambo makubwa, ukiwemo muhula wa rais, haki zetu, uhuru wa majaji na ugatuzi, bunge peke yake haliwezi kuyabadilisha. Lazima sisi wenyewe tupige kura ya maoni. Hili ndilo jibu la 1965. Kufuli la mlango wa mbele limerudishwa, na funguo moja iko mfukoni mwako.

SEHEMU YA 6: Je, yanafanya kazi?

Nitawajibu kwa ukweli. Yanafanya kazi pale mtu anaposhika ufunguo.

Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani. Majaji wanne dhidi ya wawili. Haikuwahi kutokea Afrika. Rais alikasirika, lakini alikubali uchaguzi urudiwe. Fikiria jaji wa 1988 akijaribu hivyo.

Lakini Agosti hiyohiyo, Kisumu, polisi waliokuwa wakisaka waandamanaji waliingia nyumbani kwa watu usiku, na mtoto wa miezi sita akapigwa kichwani mikononi mwa mamake. Alifariki siku chache baadaye. Uchunguzi wa korti 2019 ulisema polisi ndio wa kulaumiwa. Katiba ilikuwa ileile, mwezi uleule. Kufuli la kura lilishika, kufuli la uhai halikushika.

2021 na 2022 mahakama tatu, moja baada ya nyingine, zilizuia mpango wa BBI wa kubadilisha Katiba, ingawa ulikuwa na baraka za rais na kiongozi wa upinzani wakiwa pamoja. Kumbukeni 1964: pande mbili zikikumbatiana, mwananchi aangalie mfuko wake. Safari hii kulikuwa na korti ya kusema hapana.

2024 vijana waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Makumi walipoteza maisha, na rais akakataa kuutia sahihi mswada. Baadaye vijana wakaanza kutoweka. Kufikia Desemba, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu visa zaidi ya 80 vya watu kutekwa. Wengine walirudi baada ya siku nyingi, wengine hawakurudi. Saa 24 za kifungu cha 49 hazikuheshimiwa, na wazazi wakajikuta wanafanya kazi ya wale mama wa 1992: kuzunguka vituo vya polisi na mochari wakiuliza mtoto yuko wapi.

Mwaka huohuo kuna seneta aliyepeleka mswada wa kurefusha muhula kutoka miaka mitano hadi saba. Wananchi walituma maoni kwa wingi hadi kamati ya Seneti ikaukataa. Hilo halikuhitaji rungu. Lilihitaji mtu kuchukua simu na kuandika mistari miwili.

Kwa hiyo nawaachia mambo manne.

Moja: mswada wowote wa kubadilisha Katiba ukija, usiulize kwanza unamlenga nani. Uliza ukishapita, ni nani atakayebaki na uwezo wa kusema hapana.

Mbili: mtoto wako mkubwa ajue kifungu cha 49 kama anavyojua namba yako ya simu. Akishikwa, ana haki ya kujua kosa lake, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Wewe nawe andika saa aliyoshikwa na kituo alichopelekwa. Akirudi na majeraha, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, mwombe daktari aandike kila alama, na ufuatilie fomu ya P3. Usimwogeshe kwanza, usifue nguo.

Tatu: maoni ya wananchi yakiitishwa, tuma yako. Yanaandikwa hata kwa Kiswahili.

Nne: jiandikishe kura. Bila hiyo, kufuli la kifungu cha 255 linabaki bila wewe.

Kama nyanyako alipanga mlolongo wa 1988, au anamjua mmoja wa wale mama wa All Saints, muulize leo usiku mkimaliza kula, na uniandikie hapa alichosema. Wazee wanaondoka, na hayo hayako kwenye kitabu chochote cha shule.

Wiki ijayo tunarudi kwa uji na homa. Na mwenye mtoto wa miezi tisa, usisahau chanjo ya surua.